Ngazi ya Nyuma ya Jumba la Chumvi

Jumanne asubuhi Mama Pasi alimaliza kunyoosha vitambaa vya meza vya ukumbi wa juu, akavikunja, akavilaza begani kama mtu anayembembeleza mtoto, akatoka katika chumba cha kupigia pasi. Alivuka ua, akayapita mapipa ya taka, akamsalimu paka wa jikoni ambaye hajawahi kuitikia salamu ya mtu, akaanza kupanda ngazi ya nyuma. Ngazi hiyo ni nyembamba, inajizungusha ndani ya ukuta, na mwisho wake ulikuwa jiko la juu, kwenye masinki ya kuoshea vyombo. Aliipanda kila siku tangu aajiriwe, na miguu yake ilikuwa haimuulizi tena njia. Siku hiyo ilimfikisha katikati ya ukumbi, chini ya taa kubwa ya vioo.

Mama Pasi alitazama huku na huku. Meza zilikuwa pale, tupu, zinangoja. Kwa kawaida vitambaa angevipitisha kwenye kidirisha kilicho kati ya jiko na ukumbi, wahudumu wa glavu nyeupe wakavipokea upande wa pili, maana mpiga pasi haingii ukumbini. Sasa alikuwa ndani na hapakuwa na wa kumpokea. Akavitandika mwenyewe, akalainisha kingo kwa kiganja, akashuka kwa njia ileile aliyopandia.

Wakati huohuo mume na mke waliokuja mjini kwa ajili ya magoti yao walikuwa wakipanda ngazi ya mbele, ile pana ya marumaru yenye zulia jekundu, ili wakanywe chai ukumbini. Walitokea jikoni, mbele ya sinki. Mwosha vyombo, ambaye wenzake walimwita Povu, aliwakaribisha, akawafutia benchi, na walipokuwa wakingoja chai akampa yule mwanamume kitambaa kikavu na rundo la visahani. Povu hakufanya hivyo kwa utovu wa adabu. Aliwauliza kwanza walifika lini, wakamwambia hii ilikuwa siku yao ya tatu, na kila mtu anajua mgeni siku ya tatu hupewa nini.

Kufikia mchana jumba zima lilikuwa na habari.

"Ngazi zimebadilishana," Povu aliwaambia wenzake wakati wa kula, kwa sauti ya mtu anayesema gesi imekwisha.

"Zote mbili?" aliuliza mfagiaji.

"Zitabadilishanaje moja?"

Wakaendelea kula.

Mji huo unaishi kwa maji moto. Chemchemi zinatoka chini ya kilima, watu wanakuja kutoka mbali kuloweka magoti na migongo, na juu ya kilima, mahali pa kuonwa na kila mtu, limekaa Jumba la Chumvi. Historia yake meneja huwasimulia wageni akiwa amesimama barazani, mkono mmoja nyuma. Bwana Chumvi, anasema, alikuja mjini na gunia moja la chumvi, akaondoka duniani akiwa na jumba hili, alilolijenga kwa mikono yake miwili. Hapo wageni huitazama mikono yao wenyewe na kuona haya kidogo.

Mikono miwili ya Bwana Chumvi haikuwahi kuinua kitu kizito kuliko kijiko cha supu. Mawe yalichimbwa bondeni, yakapanda kilima juu ya vichwa vya watu wa bondeni, na wengi wa hao walikuwa wanawake na watoto kwa sababu wao walikubali kulipwa chakula cha mchana. Kuta zilipokwisha na paa likawa linasubiri kuezekwa, wabebaji walipangwa mstari uani, kila mmoja akapewa konzi ya chumvi, wakaambiwa asanteni, tokeeni nyuma. Wengine waliifunga chumvi kwenye pindo la nguo. Wengine waliilamba njiani, wakafika nyumbani na kiu.

Baada ya hapo jumba lilipita mikononi mwa watu wengi. Mke wa Bwana Chumvi alikaa wiki moja, akasema marumaru inamtia baridi ya mifupa, akarudi kwao. Wakati wa vita likawa hospitali ya maofisa, kisha klabu ambayo mwanamume asiye na tai hakuingia hata kama nyumba inaungua, kisha ofisi ya serikali iliyojaza mafaili mpaka kwenye mabafu. Mwishowe likawa hoteli. Kila bwana mpya alibadilisha rangi, mapazia na jina la getini. Hakuna aliyeigusa sheria ya Bwana Chumvi, iliyotundikwa mapokezi ndani ya fremu: Mgeni hapiti nyuma, mfanyakazi hapiti mbele. Watawala walipinduana, sheria ya ngazi ikabaki wima.

Miongoni mwa waliopewa konzi ya chumvi alikuwamo msichana mdogo ambaye sasa bonde zima linamwita Bibi. Yeye ndiye mama yake Mama Pasi. Mawe aliyobeba yote yalikwenda kwenye kuta za ukumbi wa juu, na mara ya mwisho aliposimama ndani yake, kichwa chake kilikuwa kinatazamana na mbingu. Tangu hapo alikuwa ameishi chini ya kilima kile, akiliona paa kwa nje, na usiku akiyaona madirisha yakiwaka. Aliolewa, akazaa, akazika mume, akazeeka, na swali lake likabaki lilelile: kwa ndani kukoje?

Mama Pasi alijitahidi kumjibu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiuona ukumbi kupitia kidirisha cha jikoni, na kidirisha kile Bwana Chumvi alikiagiza kiwe kifupi, sahani ipite na uso usipite. Kwa hiyo alimweleza mama yake alichokijua: mguu wa piano, nusu ya meza, viuno vya watu. Bibi alisikiliza, akaguna, akasema kwa hesabu hiyo Bwana Chumvi alijenga ukumbi wa viuno.

Binti wa Mama Pasi alipochumbiwa na mwokaji mikate wa mjini, kijana mwenye mabega mapana na nyusi zisizokosa unga, Bibi alitamka haja yake waziwazi.

"Mimi sitaki kitenge wala sitaki kuvishwa shada la maua," alimwambia binti yake. "Mjukuu wangu akiolewa, nataka nikae ndani ya ule ukumbi. Nikiuona, basi, mniite wakati wowote mnaotaka kunizika."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Kwani nina umri wa kuota meno?"

Mama Pasi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda ofisini kwa meneja. Hii ilikuwa kabla ngazi hazijabadilishana. Meneja alikuwa mdogo kwake kwa umri, akamwamkia vizuri, akamvutia kiti.

"Mama Pasi, wewe ni mtu wetu," alisema alipokwisha kumsikiliza. "Na kwa sababu ni mtu wetu, siwezi. Nikikupa wewe ukumbi, kesho Povu atautaka kwa sherehe ya mtoto wake."

"Povu hana mtoto."

"Akisikia kuna ukumbi atampata."

"Basi mama yangu aingie tu, atazame, atoke. Ni mtu mzima yule. Hataiba ukuta."

"Aingilie wapi, mama? Mbele sheria inamkataza. Nyuma ni kwenu, mpandishe hata leo, lakini nyuma inafika jikoni." Meneja alimsikitikia kweli, maana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa meneja. "Fanya hivi. Jumamosi ya jubilei ya jumba, chukueni ua. Fanyieni sherehe palepale. Mapipa nitayasogeza mimi mwenyewe."

Mama Pasi alishukuru kwa midomo. Alirudi kwenye pasi yake akaunguza foronya mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na machozi yake yalipodondokea kwenye pasi yakawa yanachemka na kupotea. Alimlilia mama yake, ambaye angekufa akijua mguu wa piano.

Siku chache baadaye ndipo ngazi zikabadilishana.

Meneja alimwita fundi mjenzi, mzee aliyepewa jina la Timazi kwa sababu hata akisimama barabarani hupenda kufumba jicho moja na kupima nyumba za watu. Timazi alipanda mbele akatokea jikoni, akapanda nyuma akatokea ukumbini, akateremsha uzi wake wa kupimia ukuta, wenye kipande cha risasi, akagonga kuta, akanusa saruji.

"Ngazi hazina kosa," alisema. "Hazijasogea hata unywele."

"Sasa shida iko wapi?"

"Zinakofika."

Meneja aliitisha kikao. Kulikuwa na siku chache tu kabla ya jubilei, na mgeni rasmi alikuwa ameshathibitisha kuja, pamoja na mkewe, wapambe wake na bamba la shaba la kumbukumbu. Mhudumu mmoja aliinua mkono, akasema yeye haoni tabu yoyote: wageni wapite nyuma, watafika ukumbini, na wafanyakazi wapite mbele, watafika jikoni. Ilikuwa kama ametukana mbele ya wakwe.

"Mgeni rasmi apite kwenye mapipa?" aliuliza meneja.

"Ulimwahidi Mama Pasi utayasogeza," alisema mhudumu.

"Na Povu akanyage zulia jekundu na hizo buti za mpira?"

Wote waligeuka kuzitazama buti za Povu. Povu naye alizitazama, akasema kwa haki kabisa kwamba yeye asingekanyaga, zulia lile lina heshima yake. Hoja ikafia hapo. Walikuwa wameishi na ile sheria miaka mingi mno. Ilikuwa rahisi kwao kukubali kwamba ghorofa limegeuka kuliko kukubali kwamba mtu wa mbele anaweza kupita nyuma.

Meneja alifikiri usiku kucha, asubuhi akaja na ufumbuzi. Ngazi, alieleza, inamjua mtu. Hao waliotokea jikoni wote walikuwa watu wa magoti, wa kawaida tu. Mgeni rasmi mwenyewe akiikanyaga, marumaru itatambua uzito wa cheo na kujirekebisha. Wahudumu waliitikia ndiyo, bosi. Mama Pasi, aliyekuwa ameleta mashuka, aliyalaza mezani. Alikwenda kusoma tena ile fremu ya mapokezi, neno kwa neno, kisha akarudi nyumbani bondeni na kumwambia mama yake afue gauni lake la kijani.

Jumamosi ilikuja na jua zuri. Wahudumu wa glavu nyeupe walipanda mbele alfajiri kwenda kuandaa ukumbi, wakafika jikoni, wakakaa kwenye makreti. Ukumbi ukaandaliwa na wapiga pasi, wafagiaji na mtunza bustani, waliopanda nyuma kama sheria inavyotaka. Meneja aliinama kwenye kidirisha akawa anatoa maagizo: sogeza kushoto, zidisha maua. Bendi ilipofika na matarumbeta yake ilielekezwa nyuma, kwa kuwa mpiga muziki ni mfanyakazi tu hata akivaa suti. Keki ya jubilei pia ilipitia nyuma, maana keki ni bidhaa. Ilikuwa na umbo la jumba lenyewe, na aliyeioka na kuibeba mwenyewe mpaka juu alikuwa yule mwokaji mikate, ambaye baadaye siku hiyo alikuwa na harusi yake.

Ndoa ilifungwa bondeni, na saa nane watu wa harusi walikuwa wamejaa uani, bi harusi kwa nguo nyeupe, mapipa yamesogezwa hatua chache kama ilivyoahidiwa. Mama Pasi alisimama kwenye kidato cha kwanza cha ngazi ya nyuma, akapiga makofi kuwanyamazisha.

"Jamani, mimi ni mfanyakazi wa hapa, na nyinyi ni watu wangu. Meneja kanipa ruhusa kwa kinywa chake: nyuma ni kwetu, nimpandishe mama hata leo. Sasa ngazi ikitufikisha kunako, hiyo ni juu ya ngazi. Sheria ni msumeno, wenzangu. Mama, tangulia."

Bwana harusi, aliyezoea magunia ya unga, alichuchumaa mbele ya Bibi, akamgeuzia mgongo.

"Bibi, panda nikubebe. Ngazi hii ni kali."

"Ondoka hapo," alisema Bibi. "Nilipanda kilima hiki na mawe kichwani. Leo unataka mimi niwe jiwe?"

Akaanza kupanda. Ngazi ilikuwa nyembamba, mtu hawezi kumpita mwenzake, kwa hiyo harusi nzima ilijipanga nyuma yake na kwenda kwa mwendo wake. Aliweka kiganja kwenye ukuta, akainua mguu mmoja, akauleta mwingine, akapumua. Nyuma yake Mama Pasi, nyuma ya Mama Pasi bi harusi ameinua nguo yake isiguse vumbi, nyuma yao wajomba, mashangazi, majirani, mkia wa msafara ukiwa bado uani karibu na paka. Hakuna aliyesema harakisha. Waliokuwa mwisho walianza kuimba ili waliokuwa mbele wajue kwamba hawana neno.

Katikati ya ngazi Bibi alisimama. Kutoka upande wa mbele vilisikika ving'ora vya magari ya mgeni rasmi yakiingia getini. Kifua cha Bibi kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya gauni la kijani. Mama Pasi aliogopa. Aliona kwamba angemuua mama yake kwenye ngazi ya watumishi, mbele ya mjukuu, siku ya harusi, kwa ajili ya ukumbi.

"Mama," alinong'ona, "turudi?"

"Nirudi na nini?" Bibi hakugeuka. "Anayeshuka ni aliyekwisha kutua. Mimi bado nimebeba."

Akainua mguu.

Mgeni rasmi naye alikuwa anapanda. Alikanyaga zulia jekundu kwa kiatu kilichong'aa, mkewe ubavuni, wapambe nyuma, meneja akitembea kinyumenyume mbele yake huku ameinama na kutabasamu. Alikuwa mtu mzito kwa mwili na kwa cheo. Kwenye kidato cha mwisho meneja alifumba macho kumpa marumaru nafasi ya kufikiri. Alipoyafumbua walikuwa mbele ya sinki.

"Karibu, mheshimiwa," alisema Povu, akakausha mikono kwenye aproni na kumpa mkono.

"Asante sana," alisema mgeni rasmi, ambaye kazi yake ilikuwa imemzoesha kufikishwa mahali. Akakaa kwenye kreti aliloonyeshwa.

Upande wa pili wa ukuta Bibi alitoa kichwa ndani ya ukumbi, kisha mabega, kisha mguu wa kulia. Mama Pasi alitoka nyuma yake, na wote waliofuata walijipanga ukutani, wakamwacha yeye asimame katikati peke yake. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya upande wa bonde na kufika mpaka miguuni pake. Aliitazama dari kwanza, kwa sababu ndiyo hakuwahi kuiona. Ilikuwa ya mbao nyekundu, imechongwa majani na matunda kutoka ukuta mpaka ukuta. Akaitazama taa ya vioo. Akaitazama piano, yote, na miguu yake mingine. Mwisho akazitazama kuta, na hapo ndipo alipokaa muda mrefu, akizigeukia moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayesalimia ndugu kwenye mkusanyiko.

"Kumbe," alisema. "Kumbe tulijenga kitu kizuri namna hii."

Halafu alicheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, na bi harusi akamletea kile cha katikati, chenye mikono ya dhahabu, kilichowekewa mgeni rasmi. Bibi akakikalia. Wazee wengine wa bonde, ambao mama zao walipewa chumvi uani, walianza kuzisogelea kuta na kuzipapasa, na wapo waliolia na wapo waliogonga kwa vidole kusikia zilivyo imara. Mama Pasi alilia bila kujificha. Kisha shangazi mmoja akapiga kigelegele, kikapokelewa, na bendi, iliyoajiriwa kupiga muziki wageni watakapoingia, iliona wageni wameingia, ikapiga.

Jikoni, mgeni rasmi aliuliza bamba lake litawekwa ukuta gani. Meneja alikuwa na jasho, akaonyesha uliokuwa karibu. Mpambe akapigilia misumari na bamba la shaba likatundikwa juu ya masinki mawili, kati ya kopo la sabuni na ratiba ya zamu. Mgeni rasmi akavuta kipande cha kitambaa, wahudumu wa glavu nyeupe wakapiga makofi yasiyo na sauti. Kisha akaulizwa kama angependa kuhutubia, akasema ndiyo, akainama kwenye kidirisha.

Watu wa ukumbini waliona kidevu, midomo na tai. Bendi ikanyamaza kwa adabu. Midomo ikasema ni heshima kubwa, ikasema utalii, ikasema urithi wetu, ikasema Bwana Chumvi, mtu wa pekee, alilijenga jumba hili kwa mikono yake miwili. Wazee wa bonde walisikiliza wakiwa wamekaa kwenye viti vya velveti, viganja vyao bado kwenye kuta.

"Mpelekeeni keki huyo wa dirishani," alisema Bibi. "Amechoka, maskini, hajui anachosema."

Mwokaji mikate akakata keki kwa kisu cha jubilei. Alianza na ngazi ya mbele ya jumba, ambayo ilikuwa na sukari nyingi kuliko sehemu nyingine, akaipitisha kidirishani kwenye kisahani. Mgeni rasmi akaipokea, akashukuru, akala. Chakula nacho kilikuwa kinapoa, kwa hiyo Povu aliwapanga mstari kutoka kwenye majiko mpaka kwenye kidirisha: mhudumu, mpambe, mke wa mheshimiwa, meneja, mheshimiwa. Supu ilianza kusafiri, kisha kuku wa kuokwa, kisha matunda. Mheshimiwa alivua koti. Alikuwa na mkono mtulivu, hakumwaga hata tone, na aliposifiwa na Povu alifurahi, akasema ni miaka mingi hajapewa kazi ambayo mtu anauona mwisho wake.

Ukumbini walicheza. Bi harusi alicheza na mumewe, kisha na baba mkwe, kisha na mfagiaji. Bibi hakucheza, lakini alipiga miguu sakafuni kutoka kwenye kile kiti mpaka kiatu kimoja kikamtoka, na watoto wakagombania kumvisha. Wapita njia waliokuwa chini ya kilima waliyaona madirisha yamefunguliwa yote, na watu wa bonde wameegemea humo wakiwapungia mkono. Waliopungiwa walipunga pia. Furaha ya siku hiyo haikuibwa wala haikuombwa, ilipandwa kidato kwa kidato, na mimi sijui jumba lolote lililowahi kuzinduliwa vizuri kuliko vile.

Ngazi hazijarudi zilivyokuwa. Meneja aliwaandikia barua makao makuu ya hoteli, wakamjibu asibadilishe sheria, abadilishe brosha. Sasa wageni hupanda zulia jekundu, hupewa aproni, huosha kikombe chao, na wengi huandika kwamba hawajawahi kupumzika hivyo. Wafanyakazi hula chakula cha mchana chini ya taa ya vioo. Mshahara ni uleule, na fremu ya mapokezi ipo palepale. Bamba liko juu ya masinki, linasema mikono miwili, na Povu hulifuta mvuke kila jioni kwa sababu ni kazi yake. Barazani meneja bado anasimulia historia, na bado haina Bibi.

Jioni ile ya harusi, watu walipokwisha kushuka, Bibi alitoka mwisho, ameshikana mkono na binti yake. Ili kufika bondeni ilibidi wapite geti la nyuma, ambapo askari hupekua mkoba wa kila anayetoka, awe nani. Askari alikuwa kijana wa bonde, akaona aibu.

"Shikamoo, Bibi. Samahani. Ni sheria."

"Marahaba, mwanangu. Pekua."

Aliufungua mkoba. Ndani mlikuwa na kipande cha keki, kona ya juu ya jumba pamoja na paa, kimefungwa kwenye kitambaa cha mezani chenye nembo ya hoteli. Askari alikifungua kitambaa, akamrudishia keki mkononi, akasema kitambaa lazima kibaki. Mama Pasi alifungua kinywa, maana kitambaa kile alikuwa amekinyoosha mwenyewe, lakini Bibi alimbinya mkono.

"Kiache kibaki," alisema. "Kitahitajika kesho kule kwetu juu."

Askari alikikunja, akawafungulia mlango mdogo, kwa kuwa geti kubwa ni la magari. Mlango ule ni mfupi, na wote wanaoutumia huinama. Mama Pasi aliinama, akapita. Bibi, ambaye mawe yalimkataza kurefuka tangu utotoni, aliweka kipande cha paa mdomoni, akapita wima.